Uzi: Galileo alikosea wapi kuhusu maji kujaa na kupwa, na wavuvi wetu walijua nini

Mleta uzi

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Uzi huu nimeuandika jioni kadhaa nikitoka kazini, nimekaa Mama Ngina hapa Mombasa nikiangalia maji yakiingia bandari ya Kilindini. Ni mrefu. Mwenye haraka aurudie baadaye.

Nilikuwa na miaka tisa hivi ami yangu aliponichukua mara ya kwanza kwenda kutega madema, mitego ya samaki, upande wa Mtongwe. Ami masomo yake yaliishia chuo cha Kurani, lakini hesabu ya bahari alikuwa nayo kichwani na hakuwahi kuiandika popote. Mwezi ukiandama, siku ya pili au ya tatu ni bamvua: maji yajaa sana na yapwa sana, na kule kupwa huwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, wakati watu waingia mwambani na vijiti kutafuta pweza. Mwezi ukifika nusu, ni maji mafu, hayajai ya kujaa wala hayapwi ya kupwa. Mwezi ukipevuka, bamvua tena. Na kila siku maji huja nyuma ya jana kwa muda usiotimia saa. Ukimwuliza Ami leo maji yajaa saa ngapi, haangalii bahari. Ahesabu siku za mwezi kwa vidole, kisha akwambia.

Baadaye nikiwa sekondari mwalimu alitufundisha kwamba mwezi huvuta maji. Nikanyosha mkono: mwezi uko upande mmoja wa dunia, mbona maji yajaa mara mbili kwa siku? Nikaambiwa niketi, mtihani u karibu. Sikupata jibu mwaka ule wala uliofuata.

Miaka mingi baadaye nikagundua kwamba swali lile lilimsumbua Galileo Galilei mwenyewe, na akalijibu vibaya. Si kosa dogo la pembeni. Aliliweka kuwa nguzo ya kitabu kilichomfikisha mahakamani. Nimekuwa nikifuatilia kisa hiki tangu hapo, nami nataka kuwasimulia kwa sababu wengi tumefundishwa historia ya sayansi kama foleni ya watu waliokuwa sahihi, mmoja akimpokeza mwenzake. Haikwenda hivyo hata kidogo.

Mleta uzi

Naanza na Galileo. Alizaliwa Pisa 1564. Mwaka 1610 alitangaza kwamba ameona kwa darubini miezi minne ikiizunguka sayari ya Mshtarii. Hilo wengi twalijua. Lisilosemwa sana ni kwamba alikuwa akitafuta dalili iliyo hapa hapa duniani, inayoonekana bila darubini, ya kuthibitisha kwamba dunia yazunguka. Akaamini ameipata baharini.

Aliandika hoja yake mara ya kwanza mwaka 1616, kisha akaifanya kuwa mazungumzo ya siku ya nne, yaani ya mwisho, katika kitabu chake cha 1632 kuhusu mifumo miwili ya ulimwengu. Hata jina la kitabu alitaka litaje maji kujaa na kupwa. Papa Urban VIII na wakaguzi wa Kanisa wakamzuia, maana jina lile lingeonyesha kwamba anadai ushahidi wa kweli na si kukisia tu.

Hoja yenyewe ni hii. Mji wa Venice ulikuwa ukiletewa maji matamu kwa mashua kutoka bara. Galileo aliona kwamba mashua ikipunguza mwendo ghafula, maji yaliyomo hukimbilia mbele na kupanda, na ikiongeza mwendo hurudi nyuma. Yeyote aliyetembea Majengo au Kisauni amemwona muuza maji akisukuma mkokoteni wa mitungi. Mtungi usiofungwa vizuri ukifika kwenye tuta, maji humwagika. Ndilo jambo lile lile. Galileo akasema: dunia yajizungusha yenyewe, na papo hapo yalizunguka jua. Upande mmoja wa dunia mizunguko hiyo miwili yajumlishwa, upande wa pili yapunguzana. Kwa hiyo kila sehemu ya bahari huongezwa mwendo na kupunguziwa mwendo mara moja kwa siku, kama mashua ile. Maji yayumba. Ndipo yajaa na kupwa.

Nzuri sana, sivyo? Mimi niliposoma mara ya kwanza nilishika kichwa kwa uzuri wake. Lakini yatoa kujaa kumoja kwa siku, na bahari hujaa mara mbili. Tena saa ya kujaa ingekuwa ile ile kila siku, na hata mtoto wa Likoni ajua kwamba haiwi. Galileo alilijua tatizo la mara mbili. Akalieleza kwa urefu na kina cha kila bahari, kwamba maji yakishatikiswa huenda na kurudi kwa kadiri ya beseni lake. Mwezi akaukataa kabisa.

Mvuvi, Mtongwe

Aleikum salaam. Sasa huyo bwana hakuwahi kuuliza wavuvi? Maana hapa kwetu hakuna mtu awekae wavu pasi na kujua mwezi u wapi. Hata ikiwa mawingu, mtu ajua leo ni siku ya kumi na ngapi ya mwezi.

Mleta uzi

Mzee wangu, swali lako ndilo kiini cha uzi. Walikuwepo waliomwambia, na ilikuwa imeandikwa vitabuni karne nyingi kabla yake. Seleucus wa Seleucia, mwanafalaki wa karne ya pili kabla ya Kristo, alihusisha maji na mwezi, na habari zake tunazo kupitia Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki. Posidonius, mwanafalsafa wa Kigiriki, alikwenda hadi Gades, pwani ya Uhispania, akaangalia maji na kuwauliza wenyeji. Bede, mtawa wa kaskazini mwa Uingereza, aliandika mwaka 725 kwamba kila bandari ina ucheleweshaji wake baada ya mwezi kupita, na kwamba pale pale bandarini ucheleweshaji huo haubadiliki. Hilo la Bede mimi nalipenda kuliko yote. Ndilo linaloeleza kwa nini bamvua ya Mombasa hupwa saa nne au tano asubuhi mwaka nenda mwaka rudi, ilhali bandari nyingine bamvua yake ina saa nyingine.

Kisha yuko al-Biruni. Msomi huyu alifuatana na misafara ya sultani Mahmud wa Ghazni mpaka Bara Hindi, na katika kitabu chake kuhusu nchi hiyo akaweka mlango mzima juu ya maji kujaa na kupwa. Akaeleza hekalu la Somnath ufukweni Gujarati, jina lake likiwa na maana ya bwana wa mwezi, ambako maji yalikuwa yakiliosha sanamu mara mbili kwa siku. Akasema wasomi wa kule hujua maji ya kila siku kwa kuchomoza na kutua kwa mwezi, na maji ya mwezi mzima kwa kukua na kupungua kwake. Ila sababu yake hawaijui. Hiyo ni karne ya 11. Hebu fikiria: hesabu ile ile ya Ami, imeandikwa na mtu aliyezaliwa 973 huko Khwarazm.

Mchangiaji, Kibokoni

Kaka, uzi umetulia. Bibi yangu alikuwa akienda mwambani kutafuta pweza na chaza, na yeye alikuwa akisema "maji yana kalenda yao". Lakini nina swali. Kama Waarabu na Waajemi walishaandika, na Wagiriki wameandika, mbona Galileo akatae? Alikuwa na kiburi?

Mleta uzi

Dada, kiburi alikuwa nacho, barua zake zaonyesha. Lakini sababu kubwa ni nyingine, na nadhani ni ya heshima.

Aliyeieneza sana Ulaya habari ya mwezi na maji ni Abu Ma'shar wa Balkh, aliyefanya kazi Baghdad na kufariki 886. Kitabu chake kikubwa cha utangulizi kilitafsiriwa kwa Kilatini mara mbili katika karne ya 12, na ndani yake mlikuwa na maelezo marefu ya maji kujaa na kupwa: saa, siku, tofauti za pwani mbalimbali. Mambo ya kweli kabisa, yaliyoangaliwa na watu wa bahari. Lakini kitabu kilikuwa cha unajimu. Mwezi kuvuta maji kulikuwa mle kama ushahidi kwamba nyota hutawala mambo ya duniani: ndoa, magonjwa, vita vya wafalme.

Sisi kwa Kiswahili tunayo maneno mawili, falaki, yaani elimu ya mwendo wa nyota, na unajimu, yaani kutabiri kwa nyota, na mtu mwenye adabu ya elimu hayachanganyi. Galileo alitumia umri wake kuyatenganisha. Kwake yeye, kitu kutenda kazi kwenye kitu kingine kilicho mbali bila kukigusa kilikuwa ni uchawi uliovishwa kanzu ya elimu. Kwa hiyo alipomsikia mtu akisema mwezi wavuta bahari, alimsikia mpiga ramli. Katika kitabu cha 1632 alimtaja Johannes Kepler, mwanafalaki wa Kijerumani, akasema anashangaa kwamba mtu mwenye akili pevu namna ile amekubali mwezi kuyatawala maji, na mambo mengine ya kitoto.

Yaani ukweli ulikuwa umebebwa na mikono asiyoiamini. Akautupa pamoja na mikono.

Mleta uzi

Na Kepler asipite hivi hivi. Mwaka 1609, katika utangulizi wa kitabu chake kuhusu sayari ya Mirihi, aliandika kwamba kama dunia ingeacha kuyavuta maji yake, bahari zote zingenyanyuka na kumiminika mwezini. Alikuwa hana hesabu ya kulithibitisha, lakini mwelekeo ulikuwa sawa.

Mtu huyu maisha yake yalikuwa mazito. Mwaka 1615 mama yake, Katharina, mjane mzee, alianza kushutumiwa kuwa mchawi. Kesi ilipofika mbali, Kepler aliacha kazi zake akarudi nyumbani kumtetea, akachambua tuhuma moja baada ya nyingine kwa maandishi. Mama alifungwa miezi 14, akiwa na minyororo, akaonyeshwa vyombo vya mateso ili akiri. Hakukiri. Aliachiliwa mwaka 1621 na kufariki mwaka uliofuata. Katika miaka hiyo hiyo Kepler akatoa kanuni yake ya tatu ya mwendo wa sayari. Pwani hii pia imewaona wazee wakishutumiwa uchawi na kuuawa kwa tuhuma zisizo na ushahidi wowote. Kila nikisoma habari za Katharina nawafikiria hao.

Mwalimu wa fizikia, Kisauni

Naomba nisaidie swali la sekondari la mleta uzi, maana hata wanafunzi wangu huuliza, na wana haki ya kujibiwa.

Kosa ni kudhani mwezi huvuta maji peke yake. Mwezi huvuta kila kitu: maji ya upande wake, dunia yenyewe katikati, na maji ya upande wa pili. Ila mvuto hupungua kwa umbali. Chukua matatu tatu zinazotoka Mwembe Tayari kwenda Mtwapa. Ya mbele ina kasi zaidi, ya katikati wastani, ya nyuma polepole. Wewe umeketi ya katikati. Utaona ya mbele inakuacha, na ukigeuka utaona ya nyuma inabaki. Nafasi inaongezeka pande zote mbili, ingawa zote zinaelekea upande mmoja. Maji yaliyo karibu na mwezi huitangulia dunia, na yale ya nyuma huachwa na dunia. Hufura huku na huku. Dunia ikijizungusha, sisi tunapita penye uvimbe mara mbili.

Na kwa kuwa mwezi nao unasogea katika njia yake, tunahitaji saa 24 na dakika 50 hivi kuukuta tena mahali pake. Gawa mara mbili: kutoka kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika 25 kwa wastani. Ndiko kule kuchelewa alikokuwa akikuhesabu Ami.

Mwanafunzi, Tudor

Mwalimu, shikamoo. Jua ni kubwa kuliko mwezi mara nyingi sana. Mbona mwezi ndio wenye nguvu?

Mwalimu wa fizikia, Kisauni

Marahaba. Jua lina uzito mara milioni 27 wa mwezi, lakini liko mbali mara 390 hivi. Sasa kinachofurisha maji si mvuto wenyewe, ni tofauti ya mvuto kati ya upande huu na ule. Tofauti hiyo hupungua haraka mno: umbali ukizidi mara mbili, yenyewe hupungua mara nane. Zidisha 390 kwa 390 kwa 390, utapata kama milioni 59. Gawa 27 kwa 59. Jua lina chini kidogo ya nusu ya nguvu za mwezi. Vinapokuwa kwenye mstari mmoja, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, husaidiana: bamvua. Vikikaa kwa pembe ya mraba, mwezi wa nusu, hupingana: maji mafu.

Mleta uzi

Maalim, ahsante sana. Nimengojea maelezo hayo tangu kidato cha pili.

Aliyeyapata kwa mara ya kwanza kwa hesabu ni Isaac Newton, katika kitabu chake Principia cha 1687. Lakini kitabu kile kisingetoka bila Edmond Halley, mwanafalaki wa Kiingereza, na hapa pana kisa ambacho watu wa samaki kama sisi tunapaswa kukijua. Halley alimtembelea Newton mwaka 1684, akamwuliza swali kuhusu njia za sayari, akagundua kwamba Newton ameshalipigia hesabu. Akamshikilia mpaka akaandika. Royal Society, chama cha wanasayansi cha London kilichotakiwa kuchapa, hakikuwa na fedha, kwani kilikuwa kimezimalizia kwenye kitabu kikubwa cha historia ya samaki kilichotoka 1686 na ambacho hakikununuliwa. Halley akatoa pesa zake mwenyewe. Na ulipofika wakati wa kulipwa mshahara wake na Society hiyo, pauni 50, akapewa nakala 50 za kile kitabu cha samaki.

Ndani ya Principia, Newton anaieleza bandari moja ya Tonkin, Vietnam ya leo, ambako maji hujaa mara moja tu kwa siku. Habari hiyo ilitoka kwa Francis Davenport, mtu wa meli aliyekuwa kule, na Halley akaichapisha London. Tazameni mzunguko: jambo ambalo Galileo alilitaka kila mahali, kujaa mara moja, lipo kweli, ila ni mahali pachache, na lilimfikia Newton kwa sababu mwanabahari mmoja aliangalia kwa makini akaandika.

Halley huyu huyu ndiye aliyetoa mwaka 1686 ramani ya pepo za baharini, pamoja na kaskazi na kusi zetu. Sababu aliyoitoa haikutimia, George Hadley akaja kuirekebisha 1735 kwa kuingiza mzunguko wa dunia. Lakini ramani ilikuwa nzuri. Kuwauliza mabaharia alijua.

Mchangiaji, Mji wa Kale

Ndugu, nimesoma kwa makini, lakini mbona waruka watu wetu? Ahmad ibn Majid ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Bara Hindi. Bila yeye Mreno angezama. Anastahili uzi wake.

Mleta uzi

Shekhe, Ibn Majid anastahili zaidi ya uzi mmoja, ila si kwa hilo. Vuta subira nikueleze.

Vasco da Gama alifika hapa Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, hakuingia bandarini kwa hofu, akaendelea Malindi. Akaondoka huko 24 Aprili akiwa na rubani aliyepewa, na 20 Mei akatia nanga karibu na Calicut. Wanahistoria wa Kireno wanamtaja rubani huyo kuwa mtu wa Gujarati, na jina wanaloliandika ni Malemo Cana au Canaqua. "Malemo" ni muallim, yaani hili neno letu maalim. Kwa watu wa jahazi alikuwa ndiye mwenye elimu ya njia. Kisa cha Ibn Majid kilitokea baadaye, katika kitabu cha Qutb al-Din al-Nahrawali wa Makka, karne ya 16, kinachosema Wareno walimlevya. Watafiti wengi leo hawakikubali. Ibn Majid alikuwa mzee sana mwaka ule. Kwa kweli hadithi hiyo haimpi sifa, yampa lawama ya kumfungulia mlango adui kwa ulevi.

Sifa yake ya kweli ni kitabu alichokiandika karibu 1490 juu ya misingi ya elimu ya bahari. Alizaliwa Julfar, katika Ras al-Khaimah ya leo, baba na babu yake wote manahodha. Amepanga mle nyota za kuongozea, pepo na misimu yake, pwani, alama za nchi kavu. Nyota zilipimwa kwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo: mtu ashika fundo kwa meno, aunyosha uzi, aweka ukingo wa chini wa kibao kwenye upeo wa bahari na wa juu kwenye nyota. Kipimo kiliitwa isba, kidole. Duara zima lilikuwa na vidole 224. Pia aliandika kwa mashairi, ili nahodha ahifadhi kichwani. Shairi moja lahusu njia za pwani yetu hadi Sofala, na nakala yake ilihifadhiwa Leningrad mpaka ikachapishwa 1957. Elimu ya kubebwa kichwani, kwa vina. Mswahili gani asiyeielewa hiyo?

Mchangiaji, Mji wa Kale

Nimekuelewa, ndugu yangu. Hilo la vidole 224 sikuwahi kulisikia. Allah akuzidishie.

Mvuvi, Mtongwe

Babu yangu alikuwa akipima nyota kwa vidole vya mkono, mkono umenyoshwa. Twadhani ni mchezo wa wazee.

Mleta uzi

Mzee wangu, andika uliyobaki nayo, tafadhali. Au mwite kijana yeyote hapo nyumbani akurekodi kwa simu. Nasema hivi kwa uchungu. Ami yangu amefariki, na sikumrekodi hata neno.

Niendelee, maana sehemu inayofuata yahusu mtu ambaye ningependa kila mtu wa Mombasa amjue. Newton alieleza kwa nini. Lakini hakuweza kumwambia nahodha kwamba kesho maji yatafika futi ngapi, saa ngapi, bandari gani. Mwaka 1740 chuo cha sayansi cha Paris kilitoa zawadi kwa insha kuhusu maji kujaa na kupwa. Wanahisabati Daniel Bernoulli, Leonhard Euler na Colin Maclaurin walikuwa miongoni mwa walioshinda. Nadharia ikapanda. Vipimo vilikosekana.

Liverpool alikuwako William Hutchinson, mtu wa meli tangu ujana, aliyewahi kuongoza merikebu za kuteka meli za adui. Alipokuwa msimamizi wa gati, alianza Januari 1764 kupima saa na kimo cha maji yanapojaa. Mchana na usiku. Aliendelea mpaka 1793. Karibu miaka 30! Ndugu wawili wa ukoo wa Holden wakachukua vipimo vyake na hesabu ya Bernoulli, wakatoa majedwali ya maji ya Liverpool mwaka 1770. Mtu wa gati na mwanahisabati wa Uswisi wakakutana kwenye ukurasa mmoja.

Siwezi kuyapita hayo bila kusema kwamba gati za Liverpool za miaka ile ndizo zilizoongoza Uingereza kwa meli za biashara ya utumwa. Majedwali mazuri yaliziingiza na kuzitoa meli hizo pia. Sisi tulioko pwani hii, yenye historia yake ya minyororo, hatuwezi kusoma nusu ya habari.

Baada ya hapo nitakwenda mbio. Pierre-Simon Laplace, mwanahisabati wa Kifaransa, katika miaka ya 1770 aliyashughulikia maji kama kitu chenye mwendo, kinachopiga mbio katika mabeseni yenye kina tofauti, si uvimbe uliosimama tu. (Na humo mawazo ya Galileo ya beseni na urefu wake yakapata pa kukaa, ingawa si kwa sababu aliyoitoa yeye.) William Whewell, aliyebuni neno la Kiingereza la kumwita mtu mwanasayansi, aliandaa Juni 1835 upimaji wa pamoja kwenye vituo zaidi ya 600 katika nchi 9, waliopima wengi wao walikuwa walinzi wa pwani, watu wa bandari, watu wa kawaida. William Thomson, anayeitwa Lord Kelvin, akabuni mwanzoni mwa miaka ya 1870 mashine ya magurudumu na kapi: kila gurudumu lawakilisha mwendo mmoja wa mwezi au jua, uzi mmoja wapita kwenye kapi zote na kujumlisha, na kalamu yachora maji ya mwaka mzima. Mashine za aina hiyo ndizo Arthur Doodson, aliyekuwa kiziwi, alizotumia karibu na Liverpool kupiga hesabu ya maji ya pwani ya Normandy, Ufaransa, kwa ajili ya 6 Juni 1944, siku ya uvamizi mkubwa wa Vita vya Pili vya Dunia. Majeshi yalitaka kushuka maji yakiwa yamepwa na yaanza kujaa, ili vizuizi vya Wajerumani vionekane.

Mchangiaji, Kibokoni

Kwa hiyo majedwali ya maji ya bandari ya Kilindini nayo hupigwa hesabu namna hiyo?

Mleta uzi

Ndiyo, dada, kanuni ni hiyo hiyo, ila kompyuta imechukua nafasi ya kapi. Huchukuliwa vipimo vya bandari yenyewe, hugawanywa katika miendo mingi ya mwezi na jua, kisha hujumlishwa tena kwa siku zijazo. Hapa kwetu kwenye bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Angalia magari yanavyopanda kutoka feri ya Likoni maji yakiwa yamepwa, halafu rudi saa sita baadaye.

Sasa nina ombi. Nimepigia mstari wa chaki ngazi moja ya mawe upande wa Tudor, nami nimeanza kuandika saa ya kupwa. Nani ataandika pamoja nami? Daftari na saa tu. Tuanze bamvua hii.

Mvuvi, Mtongwe

Mimi niko. Nitamwambia mjukuu aandike, mimi nimwambie saa.

Mwanafunzi, Tudor

Nami pia. Nyumbani kwetu kwatazama maji.

Mwanafunzi, Tudor (siku tano baadaye)

Shikamoo wakubwa. Nimeandika kupwa kwa asubuhi kwa siku nne mfululizo. Maji yanachelewa, lakini si dakika 50. Nimepata kama dakika 40, siku nyingine pungufu. Nimekosea kupima?

Mwalimu wa fizikia, Kisauni

Hukukosea. Dakika 50 ni wastani wa mwezi mzima. Kwenye bamvua jua liko karibu na mstari wa mwezi na huwahisha maji kidogo, kwa hiyo kuchelewa hupungua. Bernoulli alilipigia hesabu jambo hilo katika insha yake ya 1740. Usiache kuandika. Mwezi ukikaribia nusu, dakika zitarefuka, zitapita saa nzima.

Mvuvi, Mtongwe

Ni kweli. Maji mafu ni mazito kurudi. Mjukuu ameandika sawa na wewe, isipokuwa siku ya tatu alilala.

Mleta uzi

Mwanangu, na hiyo siku ya tatu wewe umepata saa ngapi? Iweke hapa, tuijaze kwenye daftari la Mtongwe, lakini tuandike pembeni kwamba ni kipimo cha Tudor. Huko ndani maji huchelewa kidogo kuliko kwenye mlango wa bandari, nasi bado hatujajua ni kwa dakika ngapi.